Kinu cha Bibi na mikono sita

Mpango wetu wa kugura, yaani kuhama, tuliuandika kwenye daftari la skuli la mtoto, kurasa mbili za nyuma, kwa kalamu ya risasi ili kufuta kuwe rahisi. Kushoto vitu, kulia pesa. Chini kabisa baba watoto aliandika 450,000 akaizungushia duara. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa yote ya kututoa Wete, Pemba, mpaka Fuoni, Unguja, mzigo na watu watano. Kodi ya nyumba tuliitia mbali kwenye bahasha yake, tukaapizana kwamba hata dunia ipinduke bahasha ile haiguswi.

Duara lile lilipasuka bandarini Malindi, Unguja mjini, kiasi cha saa tisa mchana, mimi nimekalia polo la nguo, mtoto mdogo analia njaa, na kijana mmoja kasimama mbele yangu na kinu cha bibi yangu begani anauliza, "Na hichi, mama, tunakihesabu vipi?"

Tulimaliza kwa 560,000. Watu wawili watatu wanaotaka kuvuka na vyombo vyao wameshaniuliza laki na kumi ile ilitokea wapi, na kila nikianza kueleza nacheka nikaharibu hesabu. Leo nimekaa na daftari lenyewe.

Baba watoto alipata kazi Unguja mwezi wa Agosti. Akatangulia, akalala kwa kaka yake Mwanakwerekwe. Mimi na watoto tukabaki. Tulipanga kugura Novemba. Ami yangu, ambaye umri wake wote ni karafuu, alinitazama kama mtu aliyesema atavuka kwa ungo. "Novemba? Gari utaikamata wapi, mwanangu?" Mwaka ule mikarafuu ilizaa. Asiyekaa Pemba hajui maana yake. Gari zote ziko njiani kupeleka wachumaji na kurudisha magunia. Polo tupu, ambalo siku nyengine unalikanyaga uani, unalitafuta kama dawa. Majamvi yote yameanikiwa. Na kijana wa kukubebea kabati atakuuliza kwa nini avunje mgongo kwa elfu mbili wakati kuna pishi zinamngoja juu ya mkarafuu. Tukasogeza mpaka wiki ya mwisho ya Disemba. Skuli zimefungwa, masika bado mbali, na bahari ya kaskazi kwangu ina afadhali kuliko ya kusi. Kusi la Julai niliwahi kulivuka na mtoto mchanga kifuani, sitaki kulielezea.

Ule mwezi wa kungoja ulitufaa kwa jambo jengine. Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa na dalali ilikuwa ya 120,000 kwa mwezi, vyumba vitatu, rangi mbichi bado inanuka. Baba watoto kaipenda, karibu atoe pesa. Shemeji yangu akasema hebu ngoja mvua ya vuli ishuke kidogo. Akaenda peke yake, bila dalali, siku ya pili ya mvua, akazunguka mpaka ukuta wa nyuma ambao hakuna aliyejishughulisha kuupaka. Pale kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa rula, usawa wa goti. Mama wa jirani akamwambia bila kuulizwa mara mbili kwamba masika magodoro yanapanda juu ya meza. Tukaiacha. Tukachukua ya 150,000, juu kidogo ya mteremko, kodi ya miezi sita mkononi na mwezi mmoja wa dalali. Ni elfu thelathini zaidi kila mwezi, na mwanzo iliniuma. Mwezi wa Aprili haikuniuma tena.

Barua ya sheha, hati za uhamisho za skuli, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vyetu vya Mzanzibari na dawa za pumu za mtoto vilikaa kwenye mkoba wangu wa bega kuanzia wiki moja kabla, na mkoba huo nililala nao. Katika vitu vyote tulivyofanya hichi ndicho pekee kilichokwenda sawa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo sina la kusimulia.

Kazi ilikuwa kuchagua kipi kiende. Kila usiku nilimpigia simu baba watoto, naye mchana wake alipita soko la Mwanakwerekwe au Darajani, anauliza bei. Kiti cha plastiki kiasi gani, meza ya chakula iliyotumika kiasi gani, jiko la mkaa, beseni, kabati. Tukajiwekea kipimo: kama kukifikisha kitu Fuoni kunakula zaidi ya nusu ya bei ya kukinunua kulekule, kinabaki Wete. Viti vya plastiki vikabaki. Makochi, ambayo sponji yake ilishakuwa unga, yakabaki bila msiba. Mtungi wa gesi nao ukabaki kwa jirani; kuupakia kwenye chombo chenye watu sikutaka hata kama wangenibebea bure. Friji ikaenda, kabati la mvule likaenda, kitanda kikubwa alichotuchongea fundi wa Wete tulipooana kikaenda.

Kuuza vilivyobaki ndiko nilikoharibu. Nilitangaza mapema, kwa furaha, kila mtu akajua tunasafiri tarehe fulani. Basi watu wakawa wanakuja, wanayatikisa makochi, wanafungua na kufunga milango ya kabati dogo, wanasema "nitarudi, dada," na hawarudi. Walikuwa wananingojea siku ya mwisho. Mnunuzi akishaijua siku yako ya safari, bei si yako tena. Meza niliyoipangia elfu arobaini ilitoka kwa elfu kumi na mbili saa kumi na mbili asubuhi, gari ipo mlangoni inanguruma. Aliyeinunua ni mtu niliyemkatalia elfu thelathini mwezi mzima nyuma, na alikuwa na adabu ya kutocheka.

Kisha kuna kinu.

Kinu ni cha bibi yangu mzaa mama, mti mmoja umechimbwa, mzito kama deni. Kwa kipimo chetu kilikuwa hakina hata nafasi ya kujadiliwa: Fuoni kisamvu kinauzwa kimeshatwangwa, nazi tunakuna kwa mashine ya gengeni, viungo nasaga kwa blenda. Nikamwambia bibi kwa upole kwamba kinu kitabaki nyumbani kwake, kipo salama. Bibi hakubishana. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaja na mchi, akauegemeza mlangoni, akasema, "Mchi nao uchukueni, maana kinu bila mchi mtakalia." Hapo mazungumzo yakaisha. Baba watoto kwenye simu akauliza, "Kina kilo ngapi hicho?" Nikamwambia asiulize.

Kufunga mzigo tulifunzwa na ami, kwa sababu yeye karafuu na nazi ameshazivusha mara nyingi. Kwenye vyombo vya mizigo, akasema, hawakupimii kwa mizani. Wanakutazama kwa jicho na kuhesabu vipande. Ndoo ni kipande, beseni ni kipande, sufuria iliyofungwa peke yake ni kipande. Kwa hiyo kidogo kiingie ndani ya kikubwa mpaka kisibaki kitu kinachoning'inia. Sahani nilizikunjia kanga moja moja, nikazisimamisha ubavu kwa ubavu ndani ya pipa la maji, si kuzilaza, na katikati nikashindilia mashuka. Haikuvunjika hata moja. Vikombe viliingia ndani ya sufuria, sufuria ndani ya beseni, beseni ndani ya ndoo kubwa, ndoo ikafungwa kwa kamba ya usumba. Mapakacha tulisuka wenyewe, makuti yapo. Mwanangu wa pili, wa miaka minane, ndiye aliyeishika kanuni hii kuliko sote. Alichokiona chochote alikitia ndani ya chengine. Mswaki wangu niliukuta Fuoni ndani ya birika.

Kitanda tulikifungua usiku wa mwisho. Kina bolti ndefu nane na nati zake, nilizikusanya kwa mkono wangu, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunga kifuniko kwa utepe. Mbao niliziandika kwa chaki: kichwa kulia, kichwa kushoto, miguuni kulia, na kadhalika. Nikajiona hodari. Chaki ilifutika yote njiani, kwa unyevu wa bahari na viganja vya watu. Kalamu nene ya wino ingetosha, na nilikuwa nayo, ipo kwenye mkoba na vyeti.

Gari tuliipata kwa njia ya ami pia, na hapa tuliokoa pesa ya maana. Bidhaa nyingi za madukani Wete zinashushwa Mkoani na kupandishwa kwa gari kaskazini, na gari zile zikishamwaga mzigo zinarudi kusini tupu. Dereva anayerudi tupu hana jeuri. Alitutoza 60,000 kwa gari ambayo kuikodi yenyewe kutoka mlangoni tuliambiwa ni zaidi ya mara mbili. Sharti lake ni kuwa saa ni yake: akasema tuwe tayari alfajiri, akaja saa kumi na mbili, nusu saa tu ya kupakia. Vijana wa mtaani walipakia kwa soda. Dereva akailaza friji ubavu, nikapiga kelele, akaisimamisha, akailaza tena nilipompa mgongo. Ilipofika Fuoni tuliisimamisha mpaka siku ya pili kabla ya kuichomeka, mafuta ya kompresa yarudi chini mahali pake, na inafanya kazi mpaka leo.

Baba watoto alikuja Pemba akaondoka na mzigo. Mimi na watoto tulikuwa tupande boti ya abiria siku ya pili asubuhi. Chombo cha kwanza alichokikuta Mkoani alikataa kupakia. Alisema kimeshakaa chini kupita anavyopenda, akalala gatini na vyombo vyetu akangoja kinachofuata. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 mkondo wa Nungwi ikija kwetu Pemba, imesheheni kupita kiasi, na bibi yangu mpaka leo chombo kikitajwa huuliza kwanza kimejaa kiasi gani, kisha ndiyo huuliza kinaondoka lini. Usiku ule wa kungoja ulitugharimu chai na mkate wa kumimina.

Sasa hesabu. Katika daftari tulikuwa na mistari minne: gari ya Pemba 60,000, nauli ya mzigo 150,000, nauli zetu 120,000, gari ya Unguja 50,000. Jumla 380,000, na sabini inabaki ya dharura. Tulijiona watu wa akili. Nauli ya mzigo ilitoka 170,000, si neno. Kilichotuua hakikuwa na mstari hata mmoja.

Tulihesabu safari, hatukuhesabu mikono. Mzigo haupandi chomboni peke yake. Wete ulishikwa na vijana wetu, huo mkono wa kwanza, soda. Mkoani kuna mahamali, wapagazi wa bandarini, wanaoshusha kwenye gari: 40,000, baada ya kuanzia sitini. Lakini hao waliishia gatini. Kuingiza chomboni ni wengine, 25,000. Malindi wanaotoa chomboni ni wengine tena, 35,000. Kutoka gatini mpaka nje kwenye gari, wengine wenye marikwama yao, 40,000. Fuoni kushusha, vijana wawili waliokuja na gari, 20,000. Mikono sita, na mitano ililipwa: 160,000. Karibu sawa na nauli ya bahari nzima.

Siwalaumu mahamali. Nimewaona wakibeba kabati la mvule watu wawili kwenye ubao wa upana wa kiganja, maji chini yao, na hakuna aliyenidhulumu. Bei walinitajia kabla ya kushika. Kosa ni kuwa walinitajia mimi, peke yangu, mzigo umeshakaa juani, watoto wamechoka. Baba watoto usiku kucha hajalala, amekwenda kutafuta gari. Mtu wa namna hiyo hapatani bei. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipokea mapakacha ya ndizi pembeni yangu alikuwa keshapatana na kiongozi wao tangu jana yake kwa simu, bei ya jumla kutoka chomboni mpaka ndani ya gari, mkono mmoja badala ya miwili. Alinipa namba ya yule kiongozi, na ninaitunza. "Patana nao kabla mzigo haujagusa ardhi, shoga," aliniambia. "Ukishagusa, wewe ni mgonjwa na wao ni madaktari."

Kinu ndiko hesabu ilikokwama. Hakikuingia ndani ya kitu, na kwa nje hakifungiki na kitu. Kila mkono ulikihesabu kipande peke yake, na kila mkono uliongeza kidogo kwa uzito. Kijana yule wa Malindi alipouliza tunakihesabu vipi, nilijumlisha haraka kichwani nikaona kinu na mchi wake vimeshakula kama 18,000 tangu Mkoani. Kwa pesa ile ningeweza kununua viti viwili vya plastiki kati ya vile nilivyoviacha. Nikamwambia, "Kihesabu kama mtu mzima." Akacheka, akakibeba kwa elfu tatu.

Laki na kumi iliyopungua tuliikopa kwa shemeji palepale nje ya geti la bandari. Bahasha ya kodi hatukuigusa.

Fuoni tulifika jua linazama. Bibi alikuwa ameagiza msahafu na chumvi viingie kwanza, vikaingia kwanza. Jirani akaleta sinia la wali na samaki wa kupaka kabla hata hatujajuana majina. Umeme ulikuwepo, ila baada ya wiki ndiyo tukajua kwamba mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa nyumba yetu na banda la nyuma, jambo ambalo mwenye nyumba hakuona haja ya kulitaja na sisi hatukuwa na akili ya kuliuliza. Mpaka leo tunagawana kwa mwezi na mpangaji wa nyuma: yeye ana pasi, sisi tuna friji, na kila mmoja anaamini cha mwenziwe ndicho kinachokula.

Usiku tukataka kuunga kitanda. Mbao zote zipo, zimesimama ukutani, hazina maandishi. Kopo la bolti halipo. Tulifungua mapolo yote, tukatia mkono ndani ya kila sufuria, ndani ya pipa, ndani ya viatu. Nikalia kidogo, nakiri, si kwa ajili ya bolti. Tukalala na magodoro chini siku tisa, mpaka baba watoto alipopokea mshahara na fundi wa kona akatukatia bolti nyengine kwa 24,000. Zina urefu tofauti kidogo na zile za mwanzo, ndiyo maana kitanda kinalia upande mmoja.

Kinu kilikaa uani chini ya mwembe, bado kimefungwa kanga mdomoni kama kilivyotoka Wete. Kuku wa jirani wakawa wanalala juu yake.

Bibi alikuja mwezi wa Mei, macho yanamsumbua, ana siku ya kuonana na daktari Mnazi Mmoja. Siku ya pili yake nikarudi sokoni na kisamvu kilichotwangwa kwenye bahasha ya karatasi. Akakinusa, akakirudisha. "Hichi kimetwangwa na mtu ana haraka," akasema. "Kinu kiko wapi?" Nikamwonyesha. Akawafukuza kuku, akafungua kanga ya kwanza, akakuta kanga nyengine imeshindiliwa ndani, akaivuta taratibu, na kitu kizito kikagonga chini ya kinu. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Akatoa kopo la maziwa ya unga, utepe bado upo. Akalitikisa karibu na sikio, akalifungua, akazimwaga zote nane kwenye khanga yake mapajani, na nati zake, hakuna iliyopotea. Mwanangu wa pili alikuwa amesimama nyuma ya mlango na nilimwona anavyorudi nyuma polepole.

Bibi akainua moja, akaitazama kwa jicho lake lenye nafuu.

"Na hizi nazo," akaniuliza, "huku Unguja mnazitwanga?"